Sinia la Watu Wawili

Mama yangu alikuwa hawezi kuanza kula. Kupika alipika, kupakua alipakua, lakini mkono wake hauingii kwenye sinia mpaka baba aseme bismillahi na kumega tonge la mwanzo. Hakuna aliyemlazimisha. Baba mwenyewe alikuwa akimkemea, "We mwanamke, kula, chakula kinapoa," naye hujibu, "Anza wewe." Walikula hivyo tangu walipooana mpaka baba alipofariki, sinia moja, wawili tu, sisi watoto na letu pembeni. Baba alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake cha kushonea kanzu kilikuwa hapa hapa mtaani kwetu, Ng'ambo ya Unguja. Kila adhuhuri akifunga kibanda kuja kula na mkewe, hata kazi za watu ziwe zimerundikana. Samaki akimchambua yeye, miba aiweke upande wake, minofu aisukume upande wa mama. Mimi nilikua nikidhani waume wote ndivyo walivyo. Nilipoolewa ndipo nilipojua, na nilipoachwa nikajua zaidi.

Nayasema haya mapema kwa sababu ni jambo ambalo madaktari wote waliomtibu mama hawakuliuliza, isipokuwa mmoja.

Mama alikuwa na sukari kwa miaka mingi. Sindano asubuhi, sindano mchana, sindano jioni, vichupa vyake vimo kwenye friji nyuma ya maziwa, na sisi watoto tulikatazwa hata kuvitazama. Kila kiungo chake kilikuwa na daktari wake. Wa macho ana siku yake, wa miguu ana siku yake, wa presha vivyo hivyo, na kila mmoja na foleni yake. Wa macho hataki kusikia habari za miguu, ukimgusia anakwambia, "Hiyo kamwone mwenzangu." Mama akirudi nyumbani anacheka. "Mie nimekuwa mbuzi wa kitoweo," akisema, "kila mtu na kipande chake." Tukicheka naye. Kulikuwa na nini cha kufanya zaidi ya kucheka?

Baba alifariki kwenye cherehani yake, alasiri moja, moyo ukasimama. Jirani alimkuta kainamia kanzu ya mtu, sindano bado imo kwenye kitambaa.

Mama akaingia eda. Kwetu mke akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, havai mapambo, hajitii manukato, hatoki ila kwa haja, na siku zote hizo huitwa kizuka. Dada yake baba, shangazi yangu, akahamia kwetu kuisimamia hiyo eda. Shangazi mimi nampenda, Mungu shahidi, lakini ana mdomo na ana amri. Alifika na begi lake na mto wake, akajiwekea mkeka kwenye mlango wa chumba cha mama, na tangu hapo hapiti hata nzi bila ya kuulizwa anakwenda wapi. Siku za kliniki zikafika, zikapita. Nikamwambia, "Shangazi, dini haikumkataza mgonjwa kwenda hospitali." Akanitazama toka juu mpaka chini. "Umesomea wapi hiyo, Kendwa?"

Kendwa ndiko nnakofanya kazi. Nnawapikia wageni chakula cha asubuhi katika hoteli moja ya ufukweni, mayai ya kila namna, mengine hata sijui nani aliyafundisha kupikwa hivyo. Ruhusa yangu ni siku moja kwa wiki. Kwa hiyo mengi ya nyumbani nilikuwa nayasikia kwenye simu, na aliyekuwa akipiga simu ni shangazi.

"Mama yako kapandisha," aliniambia siku ya kwanza.

"Kapandisha nini?"

"Pepo! Kapandisha nini tena? Presha ungesikia nalia hivi?"

Aliyonihadithia yalinitisha. Mama alikuwa amekaa kitandani, mara jasho likamtoka mpaka nguo zikamganda mwilini, mikono ikamtetemeka, akawa anasema maneno hayana kichwa wala miguu. Akamwita baba. Akamwambia mtoto wa jirani, "Wewe muuza maziwa, mbona umechelewa?" Shangazi akamtuma mtu mbio Mji Mkongwe, kwa sheikh mmoja mtu mzima ambaye ukoo wetu ulikuwa ukimwendea tangu enzi za bibi. Sheikh akaandika kombe: aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi mawaridi, maji yake mgonjwa akanywa. Shangazi kwa akili zake aliona yale maji yana uchungu, mama hatayaweza, akamtilia asali. Mama akanywa. Hata udi haujashika moto vizuri, kakaa kitako, kajifuta uso, kauliza ushungi wake uko wapi.

Basi tena! Nyumba nzima ikaamini. Na ungekuwepo wewe ungeamini pia. Sheikh akaandika makombe mengine ya akiba, yakawekwa chupani, na kila pepo akija anafukuzwa. Niliona kwa macho yangu siku niliyokuwa ruhusa. Mama aligeuka mbele yangu, macho yakawa ya mtu mwingine, hanijui. Shangazi akamnywesha kombe lake, akarudi. Nilikwenda uani nikalia peke yangu, maana hanijui mama yangu mzazi, hilo sikuwa nimejitayarisha nalo.

Pepo akazidi. Akija leo, kesho tena. Mama akakonda, gauni likawa linamvuka bega. "Anakula?" nikimuuliza shangazi. "Anakula mno! Sahani zinarudi tupu, nyeupe pe!" Alikuwa anapelekewa chumbani, kwa vile wageni wa taazia walikuwa hawakatiki sebuleni, na yeye hakutaka kutazamwa akila. Nikaingiwa na hofu kwamba namzika na yeye kabla eda haijesha.

Hapo nikakasirika. Nikiwa na hasira mimi huwa sina adabu, na siku ile nilikwenda kituo cha afya cha mtaani kwetu nikapiga kelele kwenye foleni mpaka watu wakanikanya. Akatoka daktari mmoja, mwanamke, mdogo kuliko mimi, lafudhi yake ya Pemba. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa na maneno. Akasema, "Kama yeye hawezi kuja, ntakuja mie."

Akaja kweli, baada ya alasiri, kwa miguu. Akavua viatu mlangoni, akakikataa kile kiti tulichomwekea, akakaa mkekani ubavuni pa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na kazi."

"Pole wewe uliyefiwa. Alikuwa mtu wa namna gani, marehemu?"

Mama akaisogeza miguu ampe nafasi. Halafu akaanza kusema, na hakunyamaza tena. Alisema habari za kanzu, za harusi yao, za ugomvi wao juu ya redio. Akamwonyesha daktari kofia ya viua aliyokuwa akimshonea baba kwa ajili ya Idd, imebaki nusu. Daktari akaishika, akaigeuza, akauliza kushona kiua kimoja kunachukua muda gani, na siku hizi analala vipi, na akiamka usiku anafanya nini. Kipimo hakukitoa. Nikatoka kwenda jikoni nikamnong'oneza shangazi, "Huyu kaja kutibu au kaja kupiga soga?"

"Mie nijue wapi?" akasema shangazi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mimi na yeye kukubaliana.

Daktari akatuita. "Huyo pepo huja saa ngapi?"

Shangazi akafikiri. "Mchana. Na jioni. Akishachomwa sindano yake, hakai sana."

"Na kombe mnalitia nini?"

Shangazi akajikaza. Najua alichokuwa akikiogopa. Alishawahi kutukanwa hospitalini kwa kumpaka mtoto hinzirani, dawa yetu ya kienyeji, akaambiwa mbele za watu kuwa ni mjinga. Akajibu huku anatazama dari. "Zafarani. Marashi. Na asali kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Upawa mdogo. Si mengi!"

Nilingoja daktari acheke. Hakucheka. Alimshika shangazi mkono akamwambia, "Mama, hiyo asali yako ndiyo iliyomweka hai huyu." Akatueleza taratibu, kwa maneno yetu: sindano kazi yake ni kuishusha sukari, mtu akichoma halafu asile, sukari inashuka na haina pa kusimama, mwili unatetemeka, jasho linatoka, akili inaondoka. Asali inairudisha. "Kwa hivyo msiiache. Lakini niambieni, chakula kinakwenda wapi?"

Tukatazamana. Sahani zinarudi tupu. Mama akageuza uso kwenye dirisha la uani.

"Paka," akasema.

Lahaula! Shangazi akashika kichwa. Paka wa ua wetu walikuwa wamenenepa hata ukuta hawauparamii tena, na sote tuliona, na hakuna aliyejiuliza.

"Sijafanya makusudi," mama akasema. "Nakaa na sahani nangoja. Najua hayupo, sijaingia wazimu. Nilimwona anavyotolewa. Lakini mkono haunyanyuki. Nangoja, nangoja, chakula kinapoa, naona haya kurudisha, shangazi yao kahangaika kupika." Akalia. Kwenye mazishi hakulia, watu walimsifu kwa subira. Sasa alilia kwa sauti mpaka mabega yakawa yanaruka, na yule daktari akakaa vile vile, hakutazama saa.

Alipotulia ndipo daktari alipotoa kipimo. Sindano ya mchana akaipunguza, ya jioni akaipunguza. Halafu akasema dawa iliyobaki haiuzwi. Mama apate mtu wa kula naye, sinia moja, na huyo mtu ndiye aanze. Sindano isichomwe mpaka sinia liwe mbele na wawili washakaa. Akaomba namba ya yule sheikh, akampigia pale pale. Sikusikia sheikh anasema nini, ila daktari alikuwa akiitika, "Naam sheikh, naam, na asali." Siku ya pili sheikh akaja mwenyewe, akakaa nyuma ya pazia la mlango, akamwambia mama kwa sauti ya upole kwamba eda haikumzuia kula wala kwenda kutibiwa, na kwamba kumngoja marehemu kwenye chakula si wajibu wake tena. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Baadaye akaniambia, "Si ningeambiwa tu." Mimi nikauma ulimi.

Nikaomba likizo. Siku ya kwanza nilipika wali na mchuzi wa changu, nikapakua kwenye sinia lao lile lile. Tukakaa. Mama akachoma sindano yake, akanitazama. Nikasema bismillahi nikamega.

"Baba yako hakuwa akimega hivyo," akasema.

"Alikuwa akimega vipi?"

"Kidogo. Wewe unamega kama mpakia mchanga."

Nikacheka mpaka nikapaliwa, yeye akanipiga mgongoni kwa mkono wa kushoto, na kwa ule wa kulia akamega. Nikamwona anatafuna. Nikainamisha uso nijifanye nachambua samaki, maana machozi yalikuwa yananidondoka kwenye wali. Miba niliiweka upande wangu.

Likizo ikesha, nikarudi Kendwa. Hotelini kwetu kuna kibao kwenye chumba cha kusingia wageni, cha kuwakanda kwa mafuta, kimeandikwa kuwa hapa mwili, akili na roho hutunzwa kwa pamoja. Nilikuwa nakipita kila siku na sinia la mayai, sijapata kukisoma. Ndani wanamwuliza mgeni kama analala vizuri, kama ana huzuni, anapenda harufu gani. Mgeni mwenyewe hana ugonjwa, kachoka na ndege tu. Nilisimama pale siku hiyo nikakisoma, uso umenikunjika, mpaka mwenzangu akauliza kama nimeungua.

Shangazi ndiye aliyeshika zamu ya kula na mama. "Huyu wifi yangu," mama akinilalamikia kwenye simu, "nikimeza tonge moja yeye keshameza matatu. Nisipofanya haraka nalala na njaa." Nyuma namsikia shangazi, "Mwongo huyo! Kanimalizia kichwa cha samaki!" Wallahi hakuna dawa iliyomfaa mama kuliko ule ugomvi. Pepo akakata mguu. Gauni likakaa mahali pake. Eda ikesha, akakoga, akavaa, na kitu cha kwanza alichotaka ni kwenda sokoni Darajani kuchagua samaki mwenyewe, kwa sababu shangazi, ati, hajui kutazama macho ya samaki.

Tukapata miezi mizuri. Nashukuru kwa hiyo miezi.

Yule daktari akahamishwa, karudishwa kwao Pemba. Alikuja kuaga. Akaniambia kila atakayemtibu mama tumweleze habari ya chakula, tusione haya, tusiseme ni jambo dogo.

Masika yalipoingia mama akashikwa na kifua. Homa, kikohozi, pumzi za shida. Tukampeleka hospitali, akalazwa. Nikaeleza. Naapa nilieleza. Nilimweleza daktari wa wodi, kijana mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akanisikiliza amesimama, mguu mmoja tayari unaondoka. "Dada, hapa tunatibu mapafu. Sukari yake tushaiandikia." Nikamweleza nesi wa zamu: huyu haanzi kula peke yake, tafadhali msimchome mpaka tuingie. "Sawa dada, ondoa shaka." Na yeye alitimiza. Siku za zamu yake tuliingia, mimi au shangazi, na mfuko wetu, tukala na mama kwa kijiko kimoja kimoja kwenye kibakuli, na wagonjwa wengine wakitucheka. Kila siku nikaona pumzi zinampungua ugumu.

Siku ile zamu ilikuwa ya mwingine.

Niliwahi getini kabla ya saa ya kuingia, na hotpoti la uji wa mchele na supu ya kuku. Watu wamejaa na vikapu vyao. Saa ikafika, geti halifunguliwi. Mlinzi akasema madaktari wakubwa wanapita wodini, tungoje. Tukangoja. Jua likatupiga. Nikamwendea, "Baba, mama yangu saa hizi keshachomwa sindano na hajala."

"Kila mtu ana mama yake humo, dada."

"Najua. Lakini wangu haanzi kula."

Akanitazama vizuri, nadhani akafikiri nimechanganyikiwa. Shangazi akaingilia kati, akamtukana yeye na ukoo wake mpaka watu wakamshika. Geti halikufunguliwa. Si mtu mbaya yule mlinzi, kaambiwa asifungue, hakufungua. Nikajaribu simu, wodini haipokelewi.

Walipofungua nilikimbia, mtu mzima mimi, kandambili moja ikabaki kwenye ngazi. Mama alikuwa kalala ubavu, kaelekea mlangoni. Uji wa hospitali upo juu ya kabati lake, umeganda utandu. Nikamgusa. Jasho lilikuwa bado halijamkauka, lakini mwenyewe hakuwepo. Wale madaktari wakubwa walimpita, wakadhani amelala, wakaambiana wasimwamshe apate kupumzika.

Yule kijana wa wodi alikuja mbio. Walihangaika naye, siwezi kusema hawakuhangaika. Baadaye akasimama mbele yetu akasema jambo ambalo najua alikusudia litupoze. Alisema kifua chake kilikuwa kimeshasafika, mapafu yalikuwa yanaendelea vizuri sana, walikuwa wanafikiria kumpa ruhusa.

Nikamwuliza, "Basi aliyekufa nani?"

Shangazi alikuwa kakaa chini sakafuni, kashika miguu ya mama ndani ya shuka.

Nesi wa zamu ile alikuwa msichana, analia waziwazi. Akanifuata kwenye ukumbi, akanishika kanga. "Dada, mimi nilimwambia ale. Nilimsogezea uji, nikamwambia, bibi, kula, umeshachomwa. Akanijibu vizuri, hakukataa. Akasema, 'Haya mwanangu. Yupo binti yangu anakuja, akifika tu tutaanza.'"

Nami nilikuwa nimeshafika. Nilikuwa getini.